Uji Mweusi wa Bridget

Jumatatu, 10 Machi

Bridget ameniwekea chupa ya uji mweusi ndani ya friza. Friza yangu ya samaki! Nikamuuliza kama chuo kikuu kizima hakina friza. Akasema ya maabara imeharibika, Kukhu, bibi yangu, tafadhali, mpaka Alhamisi tu. Mjukuu niliyemlea tangu akinyonya kidole, nitamkatalia vipi?

Nikauliza ni kitu gani. Kumbe ni kazi ya miaka miwili. Kuna mtambo unakula haidrojeni, unatoa umeme na kutema maji. Kazi yote inafanywa na chembe za platini. Lakini chembe zenyewe zinataka pa kukaa, la sivyo zinarundikana na kulala. Basi Bridget amezitengenezea kiti: karatasi za grafini, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na katikati yake plastiki inayopitisha umeme, ili karatasi zisishikane. Nimeelewa. Shule niliacha darasa la tatu kwa kukosa ada, si kwa kukosa kichwa.

Alhamisi uji unaingia mashine ya kukausha, taratibu, ukiwa barafu. Jumatatu unapimwa. Ukikubali, Bridget anahitimu udaktari mwaka huu, ule wa vitabu, si wa sindano.

Shida moja. Jumapili hii Joram, mtoto wa jirani yangu Dorca, anaombewa kanisani kwa kumaliza uhandisi. Na mimi nimeshamwambia Dorca kwamba Bridget atasimama mbele pamoja na Joram, kwamba yeye pia amemaliza. Mdomo huu!

Jumanne, 11 Machi

Dorca amepita mlangoni. Ai yawa, Mama, huyo daktari wako atatibu nini, masizi? Mtaa mzima wa Kaloleni umesikia kicheko chake. Nikamwambia Joram akijenga daraja, ng'ombe wataendelea kuogelea. Hakupenda.

Lakini limeniuma. Nikawaza. Kukausha? Mimi nifundishwe kukausha? Omena ya Usenge, dagaa wale wadogo, nimeanika maisha yangu yote. Hawa wa chuo wanabembeleza barafu kwa mashine siku nne, na jua la Kisumu ni la bure! Nikamwaga uji kwenye sinia ya omena, nikaweka kwenye jua kali. Nikasema Bridget atakuta umekauka, ataupima Ijumaa, Jumapili tutasimama.

Jioni: jiwe. Jiwe jeusi linang'aa, kama ukoko wa ugali wa mke mvivu. Nikatwanga kwa mchi. Nikatia maji. Nikakoroga, nikarudisha kwenye chupa, nikaizika chini ya samaki. Barafu ni barafu. Nani atajua?

Jumapili, 16 Machi

Joram amesimama peke yake. Suti ya bluu, viatu vya ncha. Dorca aligeuka kunitazama mpaka nikahofia shingo yake.

Bridget alikaa kando yangu. Alichukua chupa Alhamisi akaipeleka kukaushwa, kesho ndiyo kupima. Akanishika mkono, akasema niombee, Kukhu. Nikaomba. Nikamwomba Mungu atenganishe kilichoshikanishwa na jua. Ukweli wenyewe ulifika kooni ukakwama kama mwiba wa samaki ngege. Sikuutoa.

Jumanne, 18 Machi

Umekataa. Karatasi zimelaliana, platini imefungiwa ndani kama kuku. Daktari Wechuli, mwalimu wake, aliweka unga chini ya hadubini akakuta gamba la samaki. Akauliza hili limetoka wapi. Bridget akajibu ni uzembe wake mwenyewe.

Wake! Na alikuwa anajua. Alikuwa ameiona sinia, uji ukiwa umeshaingia mashineni, weusi ule haukutoka hata kwa majivu. Amenieleza haya yote akikata sukuma wiki, sauti haikupanda. Angenifokea ningejua pa kuweka mikono. Mimi nikaanza kumgombeza, kwa nini hakuandika kwenye chupa kwamba haianikwi. Akaendelea kukata sukuma. Mjukuu amebeba aibu yangu mbele ya watu, na mimi bado natafuta wa kulaumu.

Amepewa nafasi moja ya mwisho ya kupima, Ijumaa tarehe 28. Ikimpita, ni mwaka ujao. Nimeapa: sianiki, sitwangi, sigusi friza ila kwa samaki.

Alhamisi, 27 Machi

Nimempelekea chakula maabara, maana msamaha haunitoki mdomoni. Amefurahi. Amenivalisha koti jeupe. Limenikaa!

Unga mpya umetoka mwepesi, ukipumua unaruka. Ameufanya wino, akaupaka kwenye karatasi ya kaboni. Kesho asubuhi unapimwa. Akanieleza kwamba siri ni kupaka nyembamba, hewa ipite ifikie platini. Halafu akatoka kuninunulia soda.

Nikaangalia kwa karibu. Huku ndiko kupaka? Ni kama mtu anampakia siagi mgeni asiyempenda! Karatasi inaonekana chini. Miaka miwili ya jasho, halafu ubahili siku ya mwisho. Hewa ni hewa, itapita tu. Brashi ilikuwa pale. Wino umebaki nusu chupa.

Sikuanika. Sikutwanga. Nimeongezea tu, mara mbili, mpaka pembeni, kwa roho safi. Sasa ni nene, nyeusi, ya heshima.

Bridget amerudi na soda, akanikumbatia, akasema nimemtia moyo. Nitamwambia kesho, akishafaulu.