Ekseli ya Kilomita na Tusi la Mtani

"Wamesema redioni," Boukari alitangaza kabla hata ya kusalimia, "Jumapili kwenye mbio, baiskeli yoyote inayocheza ekseli, mwenyewe anarudishwa nyumbani. Hakuna cha mjomba wala shangazi!"

Boukari huyo ndiye Redio, hapo kwenye kibanda cha kahawa cha Tanti Fanta, mtaa wa Gounghin, Wagadugu. Habari haijatokea, yeye keshaisimulia.

Rasmané akapaliwa na kahawa. Wenzake humwita Kilomita kwa jinsi anavyozihesabu safari zake, nyingine kazipiga akiwa kitandani. Mwaka jana, kwenye mbio hizo za baiskeli za wenye miaka arobaini na kuendelea, mtani wake Toé alimwacha kwenye vumbi la barabara ya Kokologho, na tangu siku hiyo Rasmané hapumui kwa kejeli zake. Mwaka huu kaapa mtaa mzima umsikie kwamba atalipiza. Na sasa ekseli yake, pale katikati ya pedali, ilikuwa inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

"Mbona umepaliwa, Kilomita?" Redio akamchokoza. "Jana nilikusikia unapita. Krrr, krrr! Nikadhani mashine ya kusaga mtama."

"Magoti yangu hayo."

"Magoti yanalia chuma?"

"Paka siagi ya shea," Tanti akashauri huku anakoroga maziwa ya kopo. "Mimi mgongo wangu ulipona."

"Tanti, hii ni baiskeli!"

"Kwani baiskeli haina mgongo?"

Toé, fundi baiskeli, ambaye kijiweni ni Spana, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Yeye kabila lake Msamo, Rasmané Mmosi. Makabila hayo ni watani tangu enzi za mababu, na mtani hana ruhusa ya kumstahi mwenzake.

"Lete hilo punda lako, mtumwa wangu."

"Mtumwa babu yako! Sisi ndio tuliomfundisha kuvaa suruali."

Toé akaipindua baiskeli, magurudumu juu. Akaitoa cheni kwenye meno, akazungusha pedali kwa mkono, taratibu.

"Sikilizeni. Inasaga mchanga humo ndani. Gololi zimekufa." Akaishika mikono yote miwili ya pedali, akaitikisa huku na huku. Ko-ko-ko. "Ungecheza mmoja, ningesema nati yake imelegea. Inacheza yote miwili, basi ekseli ndiyo kwaheri. Jumatatu sikukwambia ukifungue kikombe chake, kile kinachoibana pembeni?"

"Uliniambia nizungushe kulia! Nati gani duniani inafunguka kulia?"

"Ya upande wa cheni, kichwa maji wewe!"

"Thubutu! Nimezungusha kushoto siku tatu, tena spana nimeiongezea bomba."

"Na imefunguka?"

Tanti akaacha kukoroga.

"Yesu na Maria!" Redio akashika kichwa. "Siku tatu jamaa anakaza!"

Rasmané akaisogelea baiskeli. Jumapili alikuwa anaitaka, tena anaitaka sana. Lakini amwamini Msamo, mchana kweupe, mbele ya watu? Babu yake si angegeuka kaburini!

Toé akaivua mikono ya pedali, akamtazama mtani wake, akasonya. "Haya, yaishe. Nilikudanganya. Inafunguka kushoto, kama nati zote."

"Ahaa!" Rasmané akaruka. "Nilijua tu! Msamo akisema kushoto, kumbe ni kulia!"

Akaivamia spana, akavuta kulia kwa nguvu zote. Kaa! Kikombe kikaachia. Redio akakaa chini kabisa, machozi yanamtoka kwa kicheko.

Toé akaingiza mkono mfukoni mwa ovaroli, akatoa ekseli mpya, bado imo kwenye karatasi yake.

"Hiyo si uliiweka kwa ajili ya baiskeli yako?" Rasmané akauliza.

"Ya zamani itanifikisha. Wewe ukibaki nyumbani, ushindi wangu nitamringia nani?"

Rasmané akaipokea. Mwaka mzima wa kutukanwa, na sasa hili. Akaitia ekseli mahali pake, akarudishia kikombe, akashika spana.

"Na kufunga je?"

"Kushoto," Toé akajibu kwa upole, "kaka yangu."

Spana ikamponyoka Rasmané.

"Umeniita nani? Redio, kuna msiba kwetu? Tanti, hebu nitazame macho, mimi naumwa?"

"Jamani, nimesema kweli tu!"

"Sifungi! Mtani akikuita kaka, ujue kaburi limeshachimbwa. Nirudishie tusi langu kwanza!"

Toé akaokota spana, akampa.

"Kushoto, mtumwa! Mtumwa, mwana wa mtumwa, Jumapili utakula vumbi mpaka ushibe!"

"Ahsante," Rasmané akasema, akazungusha kushoto bila kuuliza tena.