Unga Ndani ya Chupa

Hakuwa na shahada. Hakuwa na ofisi, wala kitambulisho, wala soksi mbili zinazofanana. Maji aliyajua kwa kuyanywa na kuyaoga, na kuoga si kila siku. Lakini Profesa, kama walivyomwita vijiweni, alikuwa na koti jeupe, muhuri wa mbao na mdomo mtamu. Na mwenye vitu hivyo vitatu, ndugu msomaji, halali njaa mjini.

Asubuhi hiyo alisoma tangazo kwenye kipande cha gazeti kilichofungiwa karanga: maabara zote za kupima maji zitakaguliwa wiki hii, itakayoshindwa itanyang'anywa cheti na kufungwa. Profesa akakikunja kipande kile kwa heshima, kama mtu aliyepokea barua ya uteuzi.

Saa nne alisimama mbele ya mama mmoja mwenye maabara ndogo juu ya duka la rangi. Kwa miaka kumi na moja mama huyo alikuwa akipima visima vya mtaa mzima, peke yake.

"Ukaguzi," alisema Profesa, akipitisha kidole juu ya jokofu.

"Karibu, baba. Tulikutegemea Alhamisi."

"Mkaguzi anayetegemewa si mkaguzi."

Alikagua mizani, akakagua dirisha, akaikaripia feni. Kisha akafungua chupa ya kuchukulia sampuli, akachungulia, akaruka.

"Mama! Nini hiki?"

"Unga, baba."

"Unga! Kwenye chupa ya maji ya watu?" Akaisuuza bombani mara tatu, kwa hasira ya msomi. "Kwa uchafu huu cheti huna. Nakufunga leo hii. Labda tuongee kiutu uzima."

Sasa, unga ule ni dawa, huwekwa makusudi, ili klorini iliyotiwa kusafishia maji isiendelee kuua vijidudu njiani kabla hawajahesabiwa. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua. Mama aliitazama chupa ikichuruzika, akamtazama Profesa, akawa mpole ghafla.

"Nimekosa, baba. Bahasha yako ipo. Ila niandikie ripoti kwa mkono wako, nijirekebishe. Na namba ya simu. Nina wenzangu wachafu kuliko mimi."

Wenzake! Profesa aliuona mji mzima umempangia foleni. Aliandika ukurasa na nusu: unga alioukuta, chupa aliyoisuuza. Jina alidanganya, kwa mazoea. Namba ya simu aliandika ya kweli, kwa tamaa. Akagonga muhuri mara mbili, akapokea bahasha nene, akashuka akipiga mluzi.

Aliifungua kwenye kona. Ndani mlikuwa na mwongozo wa kuchukua sampuli, kurasa thelathini, sehemu ya unga imepigiwa mstari.

Alipanda ngazi mbio. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani.

"Mama! Ile ripoti ina marekebisho!"

"Iko sawa kabisa, mwanangu," sauti ilijibu kutoka ndani.

Chini ya muhuri mama aliongeza mstari mmoja kwa mkuu wa ukaguzi: "Alhamisi naomba mtu mwingine, anayeujua unga." Akaitia ripoti kwenye bahasha nyingine, akailamba, akaibana kwa kiganja, akaifunga kwenye kamba yake ya kuchotea sampuli visimani, na kuiteremsha dirishani mpaka mikononi mwa tarishi wa pikipiki, aliyekwisha kuwasha injini.