Ushuru wa Chupa za Chai

Redio ya kinyozi ilitangaza kwamba nchi mbili kubwa zimegombana, na sasa kila moja inatoza ushuru mzito bidhaa za mwenzake. Waliokaa kwenye benchi wakatikisa vichwa kwa huzuni, kama watu walioletewa habari za msiba wa mtu wasiyemjua. Hakuna aliyeelewa, na hakuna aliyetaka kuonekana hakuelewa. Ndivyo watu wazima tulivyo.

Kwenye kiti alikaa Sahani, mzee wa makamo anayeuza vyombo vya jumla. Nusu ya ndevu zake ilikuwa imeshanyolewa, nusu bado. Aliuliza kama ushuru huo utafika na huku. Kinyozi akamjibu kwamba ushuru ni kama mafua, ukipiga chafya wewe ndipo unajua umefika.

Mwisho wa benchi alikuwapo kijana mmoja anaitwa Kinanda. Aliuona uso wa Sahani kwenye kioo, akaiona na hofu iliyokuwamo. Kwa Kinanda, mtu anayeogopa neno asilolielewa ni sawa na ng'ombe aliyejileta mwenyewe kukamuliwa. Akainuka, akatoka bila kunyolewa.

Walimwita Kinanda kwa sababu ukimgusa tu anatoa sauti. Kazi nyingine hakuwa nayo. Aliishi chumba cha uani nyumbani kwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, mama mwenye sauti ya pole na kichwa kigumu kama kinu. Upande wa mbele wa nyumba, unaotazama barabara, palikuwa na chumba cha duka. Chumba hicho kilijaa chupa za chai mpaka darini, na aliyemshauri shangazi azinunue ni Kinanda mwenyewe. Alimwambia watu hawawezi kuacha kunywa chai. Ni kweli hawakuacha. Ila kila mtu tayari alikuwa na chupa yake.

Sasa shangazi alikuwa amechoka. Alitaka kupangisha chumba cha duka, na alikwishasema lake mbele ya majirani: mwezi ukiisha chupa hazijauzwa, zinahamia chumba cha Kinanda, na Kinanda atafute pa kujisitiri.

"Nitolewe mimi kwa ajili ya chupa?" Kinanda aliuliza siku hiyo.

"Chupa hazili," shangazi alisema.

Mwezi ulikuwa ukingoni.

Kutoka kwa kinyozi Kinanda alipitia kwa fundi cherehani, akaazima utepe wa kupimia. Akachomeka peni sikioni, akavaa shati lake la harusi za watu, akaingia mtaa wa maduka ya vyombo. Kuhusu ushuru hakusema uongo hata mmoja, na hilo tumpe haki yake. Aliingia duka baada ya duka, akaomba chupa ya chai, akaipima urefu, akaipima kiuno kama anayeishonea gauni, akaguna, akaandika kitu kiganjani, akatoka. Mwenye duka akiuliza, Kinanda alimtazama kwa huruma, akasema yeye ametumwa tu.

Mtu mwongo wa kawaida hukuletea uongo umeshapikwa. Kinanda alikuletea kuni na sufuria, ukajipikia mwenyewe.

Kwa Sahani alifika mwisho, kwa makusudi, habari zikiwa zimeshamtangulia. Sahani, sasa amenyolewa pande zote, alimkuta ameinama juu ya chupa yenye maua mekundu.

"Kijana, unapima nini?"

"Mzee wangu, nimeambiwa nisiseme."

"Umeambiwa na nani?"

"Hata hilo nimeambiwa nisiseme." Akaigonga chupa kwa kucha. "Hii ndani ina kioo?"

"Ina kioo, ndiyo. Kwani vipi?"

"Pole," akasema Kinanda.

Sahani akakaa chini. Akaanza kujisemea mwenyewe yale yote Kinanda aliyotaka yasemwe: kwamba kumbe ule ushuru wa redioni umefika, kumbe wameanzia kwenye vyenye kioo, kumbe mzigo mpya ukiingia utakuwa haushikiki kwa bei, na mwenye mzigo wa zamani ndiye atakayecheka. Kinanda alisikiliza kama daktari. Mwishowe akamnong'oneza kwamba yeye hana la kusema, ila kama mzee atasikia kuna mama mmoja mtaa wa nyuma ana chupa za zamani chumba kizima, asiseme amesikia kwake. Sahani akaapa. Akasema kesho asubuhi mkokoteni wake utakuwa mlangoni kwa huyo mama.

Kinanda alirudi nyumbani akipiga mluzi. Alikilalia kitanda chake kwa raha, akitazama kuta za chumba chake kama mateka aliyekombolewa.

Asubuhi mkokoteni ukaja kweli. Tatizo ni kwamba ulikuja umejaa.

Ulipanda barabara ukiyumba, maboksi yamefungwa kamba, wachukuzi wawili wakisukuma na Sahani akitembea nyuma mikono mgongoni, kama anayesindikiza bibi harusi. Kinanda alidhani mzee ana mzigo mwingine wa kupeleka kwingine. Kisha akasoma ubavuni mwa maboksi. Chupa za chai. Zenye maua mekundu.

Alimvuta Sahani pembeni, akamuuliza kama amechanganyikiwa, si alikuja kununua?

"Nilitaka kununua," alisema Sahani, mpole kabisa. "Nilitaka sana, mwanangu. Jana jioni nikampigia mdogo wangu anikopeshe kidogo. Ni wakala wa forodha, kutoa mizigo bandarini ndiyo kazi yake. Nikamwambia chupa zinapanda bei kwa sababu ya ushuru wa wakubwa. Alicheka mpaka simu ikakatika."

"Alicheka nini?"

"Alisema ushuru wameupandisha kule, wao kwa wao. Sasa kiwanda kilichokuwa kinapeleka chupa kule kimefungiwa mlango. Mzigo ukifungiwa mlango haurudi kiwandani kulala, unatafuta mlango mwingine. Mlango wenyewe ni sisi. Meli ziko njiani, Kinanda. Mwezi ujao chupa ya chai itauzwa bei ya kikombe."

Kinanda alihisi jasho likimtoka sehemu ambazo kwa kawaida hazitoi jasho.

"Kwa hiyo umekuja kumtupia shangazi yangu."

"Mimi? Mimi sikumwambia kitu. Jioni ile ile nilikuja kumwamkia tu. Akaniuliza habari za mjini, nikasema kuna kijana anaonekana akipima chupa. Akauliza kijana gani. Nikasema mwenye peni sikioni, shati la harusi. Basi mama wa watu akaniletea kiti." Sahani akatikisa kichwa kwa heshima. "Ananichukulia mzigo wangu wote, na mimi ananipa chumba chake cha duka mwaka mzima bila kodi. Nilikuwa nakitamani siku nyingi. Asante sana, mwanangu. Una kipaji."

Mkokoteni ukafunguliwa kamba. Wachukuzi hawakuingia chumba cha duka. Walikwenda moja kwa moja uani.

Kinanda alimkuta shangazi mlangoni mwa chumba chake, akielekeza kwa kidole: haya yapangwe chini, haya juu, na zile zangu za zamani zikitoka kule mbele zikae upande wa dirisha. Akamshika mkono, akamtoa kando, na hapo likatokea jambo ambalo mtaa ule haukuwahi kuliona. Kinanda alisema ukweli. Aliueleza wote, kuanzia kwa kinyozi mpaka utepe wa fundi cherehani. Alisema hakuna ushuru wa chupa, hajatumwa na mtu, meli zinakuja, na Sahani amembebesha mzigo anaoukimbia mwenyewe. Alisema akiwa ameshika kifua. Ulikuwa ukweli mtupu, na aliusema vibaya kama mtu anayetumia mkono wa kushoto.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Alimtazama kwa upendo kabisa.

"Umewahi kuniambia ukweli lini, mwanangu, hata uanze leo, siku ninayotaka kupata faida?"

"Shangazi, naapa."

"Usiape, utajiletea balaa. Sahani aliponiambia kuna kijana anapima, nilimpuuza. Aliponiambia ni wewe, ndipo nikaamini. Nikasema huyu hatoki kitandani asubuhi bila sababu. Anazitafuta chupa zangu kwa bei ya chini." Akampigapiga begani. "Umeharakisha kutembea, ndiyo kosa lako. Ungekuja kwangu kwanza, tungegawana."

Kinanda akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lile, aliguswa na hakutoa sauti.

Maboksi yakaendelea kuingia. Yalifunika ukuta mmoja, yakafunika wa pili, yakaanza kuzunguka kitanda. Nguo zake zilitolewa nje, zikaning'inizwa kwenye kamba ya kuanikia ingawa zilikuwa kavu. Jirani yao, fundi seremala, alikuwa amekuja kushangaa kama wengine. Akakitazama kitanda, akakitikisa mguu, akamwambia shangazi kwamba ni mbao nzuri hii, na kama anataka nafasi, yeye yuko tayari kukichukua sasa hivi.

Shangazi akafikiri. Kisha akamgeukia mpwa wake, akamuuliza kwa sauti ya chini, kama watu wanavyomuuliza mtaalamu:

"Na vitanda je? Ushuru utavigusa?"

Kinanda akamtazama seremala. Akakitazama kitanda, kitu cha mwisho kilichokuwa bado chake ndani ya chumba kile. Ukweli alikwishaujaribu leo, na aliona ulivyomlipa.

"Utavigusa vibaya, shangazi," akasema. "Vya mbao ndivyo vitakavyopanda kuliko vyote. Usikiuze."

Shangazi akamwambia seremala samahani, kitanda hakiuzwi. Seremala akaondoka amekunja uso. Kinanda akashusha pumzi, akajipongeza, akasogea akae ukingoni mwa kitanda chake angalau apumzishe miguu.

Shangazi akamshika kiwiko kabla hajakaa. Akawaita wachukuzi, akawaambia waondoe godoro, wakisimamishe kitanda pale ukutani nyuma ya maboksi, na wakifunike vizuri kisiingie vumbi.

"Shangazi, sasa nitalala wapi?"

"Barazani pana hewa," alisema shangazi. "Kitanda sasa ni bidhaa, mwanangu. Ukishakilalia kinakuwa mtumba."