Redio Mbili kwa Cherehani Moja

Jumatatu, 5 Julai 1993. Musoma.

Asubuhi shwari. Ziwa limetulia, mimi pia nimetulia. Nyumba kimya kupita kiasi.

Benedikta ameondoka. Jana baada ya misa aliingia chumbani akakuta cherehani yake haipo, wala meza yake. Juu ya kitanda akakuta redio koli mbili za mkononi, nyeusi, nzuri ajabu, za wale watafiti wa dhahabu waliofunga kambi. Nilimweleza kwa utulivu kwamba nimebadilishana na Masatu, dalali wa pale Mwigobero. Nikamwambia siku hizi ni biashara huria, mwenye macho aone. Redio moja inakaa kisiwani kwa wavuvi, nyingine kwangu mjini. Sangara wakipakiwa, mimi najua kabla ya wanunuzi wote! Tangu kiwanda kinipunguze kazini sijapata wazo zuri kama hili. Hakuuliza swali hata moja. Alifunga mfuko wake akaenda kwao, Butiama.

Angegomba ningejua la kufanya.

Leo kaka yake, Kwangu, amekuja mjini kuuza ngozi za ng'ombe. Ameniletea ujumbe wa baba mkwe, Mzee Stanislausi. Eti niende mwenyewe. Niende na wazee wawili, niketi kwenye kigoda katikati ya watu, nieleze kwa mdomo wangu cherehani imekwenda wapi. Nisipofika hadi Jumapili, Benedikta anapanda basi la Mwanza kwa shangazi yake. Atashonea huko na hatarudi. Hilo neno la mwisho Kwangu alilisema mara mbili.

Nampenda mke wangu. Naliandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Lakini yule mzee! Anakutazama mpaka unakiri hata makosa ya jirani. Kigoda kile nakijua, kina miguu mitatu na mmoja mfupi. Sikiketii.

Halafu wazo likaja lenyewe. Redio! Nitaomba radhi kwa redio. Hakuna kigoda, hakuna wazee, hakuna macho. Nimempa Kwangu redio moja na maelekezo kwenye karatasi: iwashwe kila siku saa sita mchana, chaneli ya kumi na nne, akae nayo Benedikta. Kwangu aliuliza kama kitu kidogo hivyo kinafika Butiama. Nilimwambia mzungu hatengenezi kitu cha kuongea na mtu aliye mezani kwake. Akaondoka anatikisa kichwa. Ni mtu wa ngozi, haelewi mitambo.

Jumanne, 6 Julai.

Saa sita kamili. Nimewasha. Nimebonyeza kitufe, nimesema Butiama, Butiama, hapa Musoma, ova. Nimeachia. Kelele tupu! Shwaaa, kama samaki anakaangwa. Nimerudia mpaka saa saba. Samaki aliendelea kukaangwa.

Tatizo nimelipata: betri. Zimelala ghala la watafiti muda mrefu, zina baridi. Nimezianika juu ya bati, kama tunavyofanya siku zote. Saa nane jua kali. Saa tisa kuku wa Mseti alipanda akaangusha mbili kwenye ndoo ya maji.

Mseti ni jirani yangu, fundi redio wa mtaa. Ana kibao chenye rangi tatu. Alichungulia juu ya uzio akasema nimletee aitazame, hatanidai kitu. Eti yeye huwaga anazitengeneza hata za polisi. Nilimshukuru nikakataa. Ninafahamu nia yake. Akiitengeneza, mtaa mzima utajua kwamba mimi Kasmiri nilishindwa.

Kuna jambo lingine sitaki kuliandika, ila naliandika. Masatu kauza cherehani ya Benedikta kwa Hana, mke wa Mseti. Iko hapo ng'ambo ya uzio. Hana hajui kuikanyaga vizuri, anaikwaruzisha. Nimeisikiliza mchana kutwa.

Jumatano, 7 Julai.

Betri mpya. Kelele zilezile.

Basi tatizo ni kimo. Mawimbi hayapendi mabondeni. Nimepanda mlima Mukendo na redio shingoni. Nimesimama juu ya jiwe kubwa kuliko yote, nimeita kwa sauti ya heshima. Shwaaa. Mama mmoja aliyekuwa akiokota kuni aliuliza kama nimefiwa.

Kubonyeza kile kitufe kunaumiza kidole gumba. Ukiomba radhi ya maana, dakika kumi hazitoshi, na kidole hakistahimili. Nimekata ukanda wa tyubu ya baiskeli, nimekifunga kitufe kisiinuke tena. Mikono huru! Na papo hapo, ajabu: kelele zimekoma. Shwaaa yote imekwisha. Ukimya safi kabisa, kama kanisani. Maendeleo makubwa sana. Sasa kilichobaki ni sauti ya Benedikta tu.

Niliposhuka Mseti aliuona ule mpira. Akasema nikifunga hivyo mimi nitakuwa nasema tu, sitasikia mtu hata aje karibu. Nikifungue, nitasikia. Ona wivu! Kelele zimeondoka kwa akili yangu mwenyewe, yeye anataka nizirudishe.

Nimeukaza kidogo.

Alhamisi, 8 Julai. Bunda.

Sipotezi muda. Nimedandia lori la pamba asubuhi mpaka Bunda, kuna mtu anauza vyuma vya magari mabovu. Nataka antena. Kale kaliko kwenye redio ni kafupi, aibu kukatazama.

Nimepata ya Landrova, ndefu kuliko mimi. Muuzaji aliniuliza gari langu ni la mwaka gani. Nikamwambia ni la mkononi. Nimeifunga kwa waya wa shaba. Nilipozunguka nayo stendi nilimtoboa mtu kofia, tukaelewana.

Saa sita nimeita. Ukimya. Nimemweleza Benedikta, hata kama hanisikii, kwamba Bunda kuna vitenge vizuri na nimemkumbuka. Hakujibu.

Betri zimekwisha. Mpya za jana! Siku hizi soko huria wanatuletea vitu feki. Nimenunua nyingine nne.

Siku tatu zimebaki.

Ijumaa, 9 Julai. Makutano.

Nimefikiri sana na jibu ni rahisi. Redio ni nzima, mimi ni mzima, umbali ndio mgonjwa. Nikisogea kidogo itanasa. Sisemi niende kwa wakwe. Nasogea tu, kiufundi.

Nimeshuka Makutano, njia inapokata kwenda Butiama. Saa sita nimeita nikiwa nyuma ya kibanda cha chai. Kimya. Nimetembea nusu saa, nimeita. Kimya. Nimetembea tena. Mwendesha baiskeli mmoja alinisalimia, alikuwa na magunia ya mihogo. Aliuliza naongea na nani. Nikasema na mke wangu. Akaangalia nyuma yangu, akaangalia mbele yangu, akaongeza mwendo.

Betri nne zimekwisha tena. Feki kabisa!

Nimelala kwa mwalimu mmoja tuliyesoma naye, kaniazima betri nne za redio yake. Nilimwambia nipo safarini kikazi.

Jumamosi, 10 Julai. Butiama.

Siku ya mwisho, maana kesho ndiyo basi. Leo nimesogea mpaka mwisho wa kusogea. Nyuma ya mji wa baba mkwe kuna kilima kidogo cha mawe makubwa. Nimejilaza juu yake tangu saa tano na nusu. Kutoka pale hata jiwe nikirusha linafika uani. Nilimwona Benedikta. Amekaa kwenye mkeka anapepeta ulezi, na redio yangu iko mbele yake juu ya kinu! Imewashwa, kijitaa chake chekundu nakiona.

Nikaita. Kimya.

Hata hapa! Nilikasirika. Nikasema basi, kama haifanyi kazi, acha nifanye mazoezi ya kuomba radhi, betri ziende tu. Kwanza nikamlaumu Masatu. Haikunoga. Nikalaumu mageuzi ya uchumi, ndiyo yaliyonipunguza kazini. Hiyo ilikuwa nzuri, ina hoja, lakini ndefu. Nikapumzika kidogo nikajiongelea peke yangu. Nikasema baba mkwe ni mchoyo, mkwe akifika yeye humpa maziwa yaliyoongezwa maji. Nikasema namwogopa kiasi kwamba nikimwona kwa mbali magoti yananisaliti.

Uani watu waliongezeka. Wanawake wa jirani, wazee wawili na fimbo zao, Kwangu, mzee mwenyewe. Wamekaa duara kukizunguka kinu. Nikadhani ni jumuiya wanasali. Mara wakacheka wote, mzee mmoja akajipiga paja. Sala gani hiyo?

Jua likanichoma. Nikachoka kupanga maneno. Nikasema tu lililokuwepo. Kwamba cherehani sasa inalia ng'ambo ya uzio na kila nikiisikia najua si mguu wa Benedikta. Kwamba yeye akikanyaga inakwenda kama mvua ya kutulia, na nilizoea kupata usingizi wa mchana kwa mlio huo. Kwamba tangu Jumapili nakunywa chai bila sukari kwa kuwa sijui sukari huwekwa wapi, na sitaki kuitafuta kwa sababu anayejua ni yeye. Kwamba nilifanya vibaya. Kwamba sikumuuliza kwa sababu nilijua jibu.

Nikamwona anajifuta macho kwa ncha ya khanga. Moshi wa jikoni, nikafikiri.

Ghafla nikasikia mluzi mkali nyuma yangu. Nikageuka. Kwangu anapanda mawe, redio ya pili iko mkononi mwake, ndiyo inayopiga mluzi. Akanivua redio, akafungua ukanda wa tyubu, mluzi ukakoma. Akasema, shemeji, inatosha, umesikika tangu saa sita, hata maziwa yamesikika.

Nikaokota ukanda wangu.

Nikashushwa. Nikaamkia, shikamoo baba. Mzee Stanislausi akaitikia marahaba taratibu mno. Nikakalishwa kwenye kigoda kile. Kinayumba vilevile. Akasema nilitakiwa kuja na wazee wawili, sikuja nao, lakini hawa wawili wa jirani wamenisikiliza mchana kutwa, watasimama upande wangu maana wananijua sasa kuliko ukoo wangu. Watu wakacheka tena. Kisha akaagiza maziwa. Nikaletewa kibuyu kizima. Mazito! Akanitazama mpaka nikamaliza.

Hukumu ni hii: cherehani irudi kabla ya kitu kingine. Na beberu mmoja wa faini, Jumapili ya tarehe kumi na nane, niliye na kosa nimlete kwa mkono wangu mwenyewe, nisimtume mtu.

Benedikta alinisindikiza mpaka kisimani. Akasema, mume wangu, mambo yale ungekuja ukaniambia siku ileile ya Jumapili, nisingefunga hata mfuko. Nikamwambia wakati ule sikuwa na antena.

Jumatatu, 12 Julai. Musoma.

Amerudi! Na cherehani pia. Yeye alivuka uzio, akaongea na Hana wamesimama mlangoni, maji hayajachemka wamemaliza. Cherehani kwetu, redio zote mbili kwa Mseti. Sikuitwa. Mimi na Mseti tulibeba meza tu.

Mseti amezijaribu jioni hii. Moja dukani kwake, nyingine mkononi mwa Hana sokoni. Anasema zinasikika vizuri sana. Bila shaka. Nilizifungulia njia mimi.

Ijumaa, 16 Julai.

Amani tele. Chai ina sukari. Mvua ya kutulia chumba cha pili.

Juzi nilipata beberu mzuri, mweusi, ndevu ndefu. Binamu yangu wa Nyamuswa kanipa, naye kanionya nisimbadilishe na kitu chochote. Nikamfunga nyuma ya nyumba.

Leo asubuhi akapita jamaa na kipaza sauti cha chama cha ushirika kilichovunjwa. Tarumbeta kubwa ya bati, unasikika mji mzima! Nikifika ufukweni nacho, wavuvi wote watanisikia mimi kwanza. Kinataka betri ya lori tu, ambayo sina bado. Jamaa hakutaka fedha. Alimpenda beberu.

Sasa tarumbeta iko chini ya kitanda. Beberu yuko njiani kwenda Tarime.

Benedikta lazima aambiwe. Hilo nakubali, nimekua. Nilinyanyuka mara tatu niende nikamwambie, mara tatu nikakuta nina kiu. Akiinua uso kutoka kwenye kitambaa ana macho ya baba yake kabisa, sijui kwa nini sikuliona wakati wa uchumba.

Basi nimemwandikia barua. Kurasa mbili, za heshima, nimebandika na stempu. Sanduku letu la posta ni moja, na ufunguo anao yeye. Kutoka hapa ninapoandika hadi alipokaa ni hatua nne. Nimetoka posta sasa hivi. Beberu anatakiwa Jumapili. Barua, wamesema, itamfikia Jumatatu.