Koti Langu Jeusi na Mashine za Upepo

Leo nimeumbuliwa na mpira wa kupulizia upepo. Tena mchana kweupe, mbele ya Meneja, nikiwa nimevaa koti. Naandika haraka kabla hamjasikia kwa wengine, maana kuna mmoja wenu humu kwenye kundi ana shemeji pale kiwandani, idara ya rangi, na huyo shemeji hajawahi kunyamaza.

Kwanza niwakumbushe mimi ni nani. Mimi ni yule aliyekuwa akishuka na matenga ya karoti kutoka Mgeta kwa miguu. Nikauza, nikasoma, nikapanda ndege, nikakaa India miaka mitatu, nikarudi na stashahada ya ufumaji. Hakuna mjomba aliyenisaidia. (Nina wajomba sita. Wote walikuwa na udhuru.) Tangu nirudi Morogoro, kiwandani wananiita Injinia. Stashahada si uinjinia, najua. Lakini mtu akikuheshimu, huanzi kumsahihisha.

Nilikabidhiwa kitengo kipya: mashine nne za kufuma kwa upepo. Hizi si kama zile za zamani zenye kijiti cha mbao kinachokimbia huku na huku kikibeba uzi na kupiga kelele kama watu wanagombana na sufuria. Hapa uzi unapulizwa. Pua ya kwanza inausukuma, halafu vipua vidogo vilivyopangwa njiani vinapokezana kuupuliza mpaka upande wa pili. Ukipepesa jicho, umeshavuka mara kadhaa. Lakini upepo ukipungua kidogo tu, uzi unaishia njiani, unajikunja kama tambi, taa nyekundu inawaka na mashine inasimama. Nawaeleza haya kwa sababu mimi ndiye ninayeyajua kuliko mtu yeyote pale. Shikeni hapo.

Mfumaji wa mashine zote nne ni Bi. Hadija. Ni mtu wa Mgeta kama mimi, mama wa makamo, kaingia kiwandani mimi sijajua hata kufunga kamba za viatu. Anavaa khanga juu ya sare, na anatembea katikati ya mashine taratibu, kama anakagua vitanda vya mchicha.

Sasa, kwa wiki tatu mashine zimekuwa zikisimama. Si zote. Moja, mara nyingine mbili, halafu zikiwashwa zinaendelea kama hakuna kilichotokea. Nilichunguza kisomi. Ripoti yangu ya kwanza ililaumu Milima ya Uluguru: ukungu unashuka, unyevu unaingia kwenye uzi. (Ndiyo. Niliutuhumu mlima. Kwa maandishi.) Ripoti ya pili ililaumu uzi wenyewe. Ya tatu ilimlaumu Bi. Hadija. Niliandika kwamba "mhudumu hana kasi inayolingana na teknolojia," nikapendekeza aondolewe kwenye mashine, arudishwe chumba cha kukunja vitambaa.

Bi. Hadija alijua. Juma lililopita alinifuata.

"Mwanangu, nina neno kuhusu hizi mashine."

"Bi. Hadija," nikamwambia kwa upole wa mtu aliyesoma, "neno liandike, ulitie kwenye sanduku la maoni."

Sanduku nililitundika mimi. Ufunguo ninao mimi. Sikuwahi kulifungua.

Na kuna suala la vumbi la pamba. Ukikaa humo ndani dakika kumi unatoka kama kuku aliyemwagiwa unga. Wafanyakazi wa humo walikuwa na desturi yao: wakati wa kutoka wanachukua mpira wa upepo, wanajipuliza kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili. Wiki yangu ya kwanza nikapiga marufuku. Nikabandika tangazo kwenye nguzo, herufi kubwa: NI MARUFUKU KUJIPULIZA. UPEPO NI KWA AJILI YA UZI. Chini nikaweka saini, na chini ya saini neno Stashahada, kubwa kuliko jina langu.

Mimi? Mimi ni suala tofauti. Mimi navaa koti. Jeusi, la sufu, nimelinunua kwa jasho langu, na mtaalamu hawezi kuingia ofisini kwa Meneja amejaa pamba kama mto uliopasuka. Kwa hiyo mara tatu nne kwa siku nilikuwa najificha nyuma ya ile nguzo na kujipuliza kidogo. Sekunde chache! Mtu mmoja! Kile kichwa cha mpira, kidude cha nchani kinachobana upepo, nilikitoa, maana kilikuwa kinapuliza kama mtu anayepooza uji. Bila kichwa, upepo unatoka wa kutosha.

Haya. Leo ndiyo ilikuwa siku. Saa nne asubuhi Meneja angefika mwenyewe kuona zinavyosimama, kisha aamue: Bi. Hadija abaki au aende kukunja. Nimeamka mapema, nikapiga koti pasi, nikatoka. Jirani yangu hapa Mwembesongo alikuwa anakaanga maandazi nje. Akanitazama nilivyovaa koti jeusi na jua linaanza kuwaka, akaacha mwiko.

"Injinia, kafa nani?"

"Hajafa mtu. Naenda kazini."

"Aa. Pole."

Saa nne kamili Meneja akaingia. Bwana Kimaro ni mtu wa maneno machache, kalamu juu ya sikio, ripoti yangu mkononi. Nikampa na simu yangu, nikamwomba anipige picha nikiwa kazini, nyie mwione. Bi. Hadija akamwamkia, akarudi kwenye mashine zake. Mimi nikamtupia Bi. Hadija shikamoo ya haraka, ile ya kupita, nikaanza kumweleza Meneja.

Tukasubiri mashine zisimame.

Hazikusimama.

Dakika kumi. Ishirini. Uzi unavuka, kitambaa kinashuka kama maji ya Mto Morogoro. Bwana Kimaro akageuza ukurasa wa ripoti, akaurudisha.

"Huwa zinasimama saa ngapi?"

"Wakati wowote, bwana."

"Wakati wowote kama huu?"

"Leo anajitahidi kwa sababu upo," nikasema. (Mungu anisamehe.)

Bi. Hadija alikuwa karibu, akasikia. Hakukasirika. Alinitazama kuanzia mabegani mpaka kwenye viatu, akanisogelea sikioni kwa sababu ya kelele.

"Mwanangu, umejaa pamba. Bwana mkubwa asije akakupiga picha hivyo. Nenda kajitazame."

Nikasema moyoni: maskini, ananibembeleza. Anajua leo ni mwisho wake. Nikamshukuru kwa kichwa, nikamwambia Meneja nakwenda kuangalia jambo, nikazunguka nyuma ya nguzo.

Hiki kinachofuata sikukiona. Bi. Hadija alinisimulia baadaye, kwa raha zake. Alimgeukia Meneja akasema, "Sasa hesabu mpaka ishirini."

Mimi huko nyuma nikavaa vizibo vyangu vya masikio. Ni vizuri sana, nimetoka navyo India, ukivivaa huisikii dunia. Na kwa kuwa leo ilikuwa siku kubwa, sikufungua koki robo kama siku zote. Nikafungua yote. Psssss! Nikapuliza mikono. Nikapuliza mgongo. Nikaingiza mpira ndani ya koti kupitia kiunoni, koti likavimba, mikono ikanyanyuka yenyewe. Nikafumba macho. Raha iliyoje! Na kwa kuwa nilijua mashine zinanguruma na hakuna anayenisikia, nikaanza kufanya mazoezi ya hotuba yangu.

"Ndugu zangu," nikasema kwa sauti, "mimi si mtu wa kujisifu!"

Nikageuza mpira upande wa kwapa.

"Lakini mkoa huu una watu wangapi kama mimi? Bi. Hadija ni mama mzuri, amefanya kazi katika zama zake! Teknolojia haimsubiri mtu! Na ninaomba ofisi yenye feni!"

Nikafungua macho.

Mbele yangu alikuwa amesimama Bwana Kimaro, simu yangu imeinuliwa usawa wa jicho. Pembeni yake Bi. Hadija, mikono nyuma. Na mlangoni anaingia mbio Salumu, fundi wa kompresa inayotusukumia upepo, ambaye chumba chake kiko upande wa pili wa ukuta. Niliona midomo yake inafunguka. Nikatoa vizibo.

Jamani, ule ukimya! Mashine zote nne zilikuwa zimesimama. Ukumbi mzima kulikuwa na sauti moja tu. Psssss. Ilikuwa inatoka kwenye kwapa langu.

"Nani kafungua upepo wote?" Salumu alikuwa anapiga kelele. "Mshale wa geji ya upepo umelala!" Kisha akaniona nilivyovimba. "Aaa. Kumbe ni Injinia anajipepea."

Nikajaribu kuweka mikono chini. Koti likakataa.

"Funga, mwanangu," akasema Bi. Hadija.

Nikafunga. Koti likasinyaa polepole, na mimi pamoja nalo. Bi. Hadija akaenda mashine ya kwanza, akauchomoa ule uzi ulioishia njiani, akabonyeza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Nilisimama nikitazama kasi ya mtu niliyeandika kwamba hana kasi. Zote zikanguruma.

"Fungua," akasema Meneja.

"Bwana, nadhani tumeshaelewa..."

"Fungua."

Nikafungua. Zikazimika moja baada ya nyingine, taa nyekundu nne zikanitazama. Nikafunga, Bi. Hadija akaziwasha. Nikafungua, zikasimama. Mara ya tatu Salumu aliomba afungue yeye, akasema hajawahi kuona kitu kitamu kama hicho.

"Ulijuaje?" Meneja akamwuliza Bi. Hadija.

"Bwana mkubwa, humu sote tuna pamba mpaka kwenye kope. Lakini kila mashine ikisimama, huyu anatokea ametakata kama anakwenda kutoa posa. Nikajiuliza, ya kwake inakwenda wapi?"

"Na hukumwambia?"

"Nilitaka. Akaniambia niandike, nitie kwenye sanduku."

Bwana Kimaro akaninyooshea kiganja. "Ufunguo."

Mnajua ufunguo ulikuwa wapi? Ndani ya mfuko wa koti. Nilipoutoa, ulitoka na kishada cha pamba.

Akafungua sanduku lililotundikwa kwenye nguzo ileile, chini ya tangazo langu. Vikaratasi vitatu, mwandiko mmoja. Akavisoma kwa sauti, kimoja kimoja, bila haraka.

Cha kwanza: "Injinia akijipuliza nyuma ya nguzo, mashine zinasimama."

Cha pili: "Naona cha kwanza hukukisoma."

Cha tatu: "Haya."

Salumu ilibidi akae chini.

Nikajitetea. Mtu lazima ajitetee. Nikasema ni sekunde chache tu. Nikasema ni kwa ajili ya heshima ya kitengo. Nikaanza kusema kwamba ule mpira haukupaswa kuunganishwa kwenye bomba moja na mashine, jambo ambalo ni kweli kabisa kitaalamu, na Salumu akasema, "Mpira ungekuwa na kichwa chake, upepo usingeisha hivi. Nani alikitoa?"

Kichwa cha mpira nacho kilikuwa mfukoni.

Bwana Kimaro akachukua kalamu kutoka sikioni. Akafungua ripoti yangu ya tatu, akaiweka juu ya sanduku. Pale nilipopendekeza kwamba Bi. Hadija arudishwe kukunja vitambaa, akakata jina lake kwa mstari mmoja ulionyooka. Juu yake akaandika langu, na pembeni muda wa adhabu. Wiki mbili. Hakubadilisha neno jingine lolote. Kwa hiyo sasa, rasmi, kwa maneno yangu mwenyewe na saini yangu mwenyewe, mimi ndiye mhudumu asiye na kasi inayolingana na teknolojia.

"Bi. Hadija, endelea na mashine zako," akasema. Akanirudishia simu, akaondoka. (Picha ipo. Siitumi. Msiombe.)

Nikabaki nimesimama. Nikamgeukia Bi. Hadija, nikasema tena, safari hii polepole, kichwa nimeinamisha.

"Shikamoo, mama."

Aliniacha nisubiri. Akakagua mashine ya kwanza. Akakagua ya pili.

"Marahaba," akasema hatimaye. "Sogea hapa."

Nikasogea. Akashika ncha ya khanga yake, akaanza kunikung'uta pamba mabegani. Pa! Pa! Pa! Mbele ya Salumu na watu wa idara ya rangi waliokwishajaa mlangoni, yule shemeji akiwa mbele kabisa.

"Kwetu ukitoka shambani kwenye viazi, unajikung'uta hivi. Umesahau? Geuka."

"Mama, watu wanaangalia."

"Mgongoni bado. Geuka."

Nikageuka.

Kesho saa moja na nusu naripoti chumba cha kukunja. Koti litabaki nyumbani, nimeshalitundika, halina hata chembe ya pamba. Kama mnaweza msicheke, nitashukuru. Mkishindwa, chekeni taratibu. Upepo ni kwa ajili ya uzi.