Maili Ishirini kwa Galoni

Jumatatu, 10 Juni

Nimeamka na mpango! Upepo mkali kutoka magharibi, kama kawaida. Safi kabisa.

Hali ndiyo hii. Jumamosi mke wangu Marlys anashindana kwenye fainali za jimbo za mbio za mapipa, zile za kumkimbiza farasi kuzunguka mapipa matatu, huko Rawlins. Ni mara yake ya kwanza kufuzu, baada ya miaka mingi ya kumzungusha farasi kwenye vumbi la uani. Asipojiandikisha kabla ya saa kumi alasiri, jina linafutwa. Hakuna kubembelezana.

Nani atavuta tela la farasi? Mimi, mumewe wa ndoa! Lakini kaka yake, Lyle, amenunua pikapu mpya ya dizeli, inang'aa mpaka inaumiza macho. Jana, huku akitafuna mkate wangu wa mdalasini, alimwambia dada yake kwamba atamvuta yeye, ili afike Rawlins mwaka huu huu. Marlys akacheka. Akacheka!

Pikapu yangu, nayo ya dizeli, ni kongwe, sikatai. Lakini ina roho. Leo nimefunga tela, nikashuka nalo hadi mji wa Sidney, nikapima mafuta. Maili kumi na nne kwa galoni! Ningependa kuona sura ya Lyle.

Kurudi sikupima. Nilikuwa na njaa.

Jumanne, 11 Juni

Nimetangaza matokeo kwenye meza ya kahawa pale ushirika wa wakulima. Wazee wote walikuwepo. Niliongea taratibu, kama mtu asiyejali.

Lyle, bila hata kuinua macho kwenye kikombe: "Ulikuwa unaelekea upande gani, shemeji?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Sijui kwa nini watu wa mji wetu wa Pine Bluffs hawawezi kusikia habari ya mafuta bila kuuliza swali hilo. Nikajibu kwamba nilikuwa naelekea mashariki, na kwamba upepo ni wa Mungu, haumilikiwi na mtu. Kicheko kikazidi. Lyle akauliza tena kama ndani ya tela kulikuwa na farasi. Nikamwambia hilo ni swali la kitoto. Nikaondoka na heshima yangu yote, ila kofia niliisahau.

Wivu tu huo. Pikapu mpya, roho ya zamani.

Jumatano, 12 Juni

Akili yangu inanitisha wakati mwingine!

Nyuma ya ghala kuna pikapu mbovu ya marehemu baba mkwe. Matairi yake ni mafupi kuliko yangu, na yanaingia sawasawa. Sasa fikiri. Tairi fupi huzunguka mara nyingi zaidi. Likizunguka zaidi, mita inahesabu maili zaidi. Mafuta yale yale, maili nyingi! Sijui kwa nini viwanda havijaligundua hili.

Nimefunga yote manne. Nikaenda Sidney tena. Maili kumi na sita! Na nguvu? Nimepanda kilima cha maghala ya ngano na tela nyuma, injini haikuguna hata kidogo.

Njiani basi la shule lilinipita. Halafu trekta. Mshale wa mwendo ulikuwa kwenye sabini, nimeutazama mwenyewe. Siku hizi watu wanaendesha ovyo.

Jioni nilimweleza Marlys kuhusu hizo kumi na sita. Habari za matairi sikumsumbua nazo. Alinitazama sana, akasema hataki maili, anataka kufika. Nikamwambia utafika, mke wangu, tena mapema. Mwishowe akasema basi nimvute mimi, kwa sababu ni mimi niliyesimama uani na saa mkononi jioni zote zile, baridi na joto, wakati Lyle amelala kwenye kochi.

Nimeshinda! Lyle amesema atakuja nyuma yetu kushangilia. Akae nyuma hivyo hivyo.

Ijumaa, 14 Juni

Marlys amemsuka manyoya ya shingo farasi wetu, Tansy, mara tatu, akafumua mara tatu. Hajala. Nimemwambia atulie, mambo yote yako mikononi mwangu. Amezidi kutotulia.

Mimi nimefanya hesabu. Mafuta ni mzigo! Mtu anayejaza tangi anavuta mafuta yasiyo na kazi. Hadi Rawlins, kuelekea magharibi, ni maili mia moja na tisini. Gawanya kwa kumi na sita: hata galoni kumi na mbili hazifiki. Nimelinyonya tangi lote, nikapima na kutia kumi na tatu. Hiyo ya kumi na tatu ni ya kumfurahisha Marlys, japo sijamwambia.

Lyle, nimemwona, amejaza mpaka pomoni. Maskini.

Jumamosi, 15 Juni. Kando ya barabara

Naandikia kwenye goti. Niseme mapema kwamba kosa ni la upepo.

Tulitoka vizuri. Magari yote yakatupita, lakini Marlys hapendi mwendo wa fujo, nikaona ni adabu. Kile kilima kikubwa baada ya Cheyenne tulikipanda na farasi, tandiko, majani na maji, bila mguno! Nikapiga honi kileleni. Marlys akatabasamu. Ilikuwa saa nzuri ya maisha yangu.

Tulipofika mji wa Laramie, Marlys akaniomba tujaze mafuta. Akaonyesha mshale wa mafuta, umelala. Nikamwambia mshale una tabia ya uvivu, hesabu haina. Akauliza nina uhakika? Nikasema Marlys, unaongea na mtu wa maili kumi na sita.

Tukatoka. Upepo ukatupiga usoni kama mlango. Kabla ya kufika Arlington injini ikakohoa. Mara moja. Mara ya pili. Kimya.

Marlys aliuliza niliweka galoni ngapi. Nikamwambia. Akauliza hizo kumi na sita nilizipimaje. Nikamwambia hilo pia, matairi na yote. Hakupiga kelele. Alishuka, akafungua dirisha la tela, akaweka paji la uso kwenye shingo ya Tansy. Akaniambia, bila kugeuka: "Miaka yote hii, Clete. Mimi nilihitaji kufika tu." Machozi yalikuwa yanamtiririka. Huu upepo unawatoa watu machozi. Mimi pia ulinitoa.

Lyle akatokea nyuma yetu na dumu la dizeli la galoni tano. Ana dumu! Nani anatembea na dumu? Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Tukamimina. Nikawasha, nikawasha, nikawasha. Hewa ilikuwa imeingia kwenye mabomba, na injini ya dizeli ikimeza hewa inasusa. Betri nayo ikafa.

Saa nane ilikuwa imepita. Lyle akasema: "Shemeji, fungua tela." Nikafungua. Tukalifunga kwenye pikapu yake. Mke wa Lyle na mbwa wao walikuwa wamejaa kiti cha nyuma, kwa hiyo nilijitolea kubaki na gari langu. Marlys alinipa nyama kavu kupitia dirishani.

Nimewatazama mpaka wakapotea. Kimbia, mke wangu. Kimbia!

Kwa jinsi Lyle alivyoondoka na moshi ule, hapati zaidi ya maili tisa.

Jumapili, 16 Juni

AMEFIKA! Zilibaki dakika chache, akatia sahihi akiwa anahema. Halafu akakimbia. Wa tatu jimbo zima! Zawadi yake ni bizimu ya mkanda ya fedha, pana kama sahani. Alinipigia simu jana jioni, akanisimulia kila kona, pipa la pili lilivyotikisika na kukataa kuanguka. Nikamwambia ningekuwepo kushika saa. Akasema anajua. Halafu akasema bado ana hasira na mimi na atakuwa nayo kwa muda. Nikasema ni haki yake.

Lyle aliliacha tela Rawlins, akarudi asubuhi hii kunikokota hadi nyumbani, kisha akageuka tena kuwafuata kina Marlys na Tansy. Sisemi ni mtu mbaya. Alinifunga nyuma yake kwa chuma cha kukokotea, mimi nimeshika usukani, gia huru, magurudumu yote chini. Niliona aibu hadi Laramie.

Baada ya Laramie niliangalia mita ya maili. Ilikuwa inazunguka! Aibu ikaniisha.

Jumatatu, 17 Juni

Marlys ameweka bizimu mezani na kutangaza kwamba fainali zijazo atavutwa na Lyle, na mimi nitakaa kiti cha nyuma na mbwa. Sawa. Anaongea kwa uchovu.

Nimetulia na kalamu. Maili za mita, kwenda na kurudi: mia mbili na sitini. Mafuta yaliyochomwa: galoni kumi na tatu. Zile tano za Lyle bado zimo tangini, hazijaguswa, hazihesabiki. Nimegawanya mara mbili. Maili ishirini kamili! Na nusu ya njia nikiwa na farasi!

Nilikwenda mbio kwenye meza ya kahawa. Nikasimama. Nikatangaza. Wazee wakaweka vikombe chini. Lyle, macho mekundu kwa safari nilizomtwisha, akauliza kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa, nilikuwa naelekea upande gani.

Nilikuwa namsubiri hapo hapo.

"Pande zote mbili, shemeji!"