Siku Niliyoikalia Laini ya Walter

Jumatatu, 2 Februari 1987

Hibbing. Baridi ya kupasua masikio. Sijali! Leo nimepata sababu ya kuamka.

Walter Haugen anatafuta msaidizi wa ubao wake wa matangazo wa kompyuta. Kaandika mwenyewe, nimesoma mara tatu. Chini ya Ngazi ndio ubao pekee mjini: kompyuta moja na simu moja, chini ya ngazi nyumbani kwa Walter, na sisi wote tunapiga simu kwa kompyuta zetu, mmoja mmoja, kusoma na kuandika. Mmoja akiwa ndani, wengine wanaambulia mlio wa laini inatumika. Nusu saa kwa siku, basi, unatupwa nje. Lakini msaidizi hatupwi! Anakaa apendavyo, anafuta upuuzi wa watu, na jina lake liko pale juu kabisa.

Sharti moja tu. Kompyuta ya Mchungaji Tollefson kanisani huzimika ghafla na kumeza mahubiri yake, ila si kila siku. Atakayegundua sababu ndiye msaidizi. Nimemwambia mke wangu Marlys ajihesabu mke wa msaidizi. Kaniuliza kama sababu nimeshaijua. Mwanamke huyu hupenda sana kurukia mambo madogomadogo.

Jumanne, 3 Februari

Nimetoa jibu langu: madoa ya jua, ndiyo yanayovuruga umeme. Aya nne, maneno mazito.

Lorna Skubic, yule daktari wa meno anayejiita Gego ubaoni, kajibu mstari mmoja: "Kaka Leland, jua lenyewe tumeliona lini tangu Novemba?" Kila aliyeingia baada yake kacheka kwa herufi kubwa. Halafu wakahamia kwenye uvuvi wa barafuni, na kutoka huko kwenye kabichi za kuviringishia nyama. Ubao wa mafundi huu, jamani! Nikiwa msaidizi, kabichi marufuku.

Jumatano, 4 Februari

Nimetafakari kazini, katikati ya mazulia. (Mteja aliondoka. Atarudi.) Tatizo si akili yangu, ni uchache wangu. Mtu mmoja akisema madoa ya jua, anachekwa. Wakisema wawili, hiyo ni hoja.

Kwa hiyo nimemsajili Bibi Agathe, mjane, mpenzi wa kompyuta, mpangaji wetu wa ghorofani. Hatuna ghorofa. Lakini Walter ni mtu wa kompyuta, nyumba za watu haziangalii.

Nilisahau kwamba Walter humpigia kila mgeni asikie sauti yake. Kapiga tukiwa mezani. Nikabana pua, nikaongea kibibi. Uma wa Marlys ukabaki hewani. Walter kanipa pole ya kufiwa, kwa upole mno. Nikalia kidogo. Nadhani nina kipaji.

Alhamisi, 5 Februari

Bibi Agathe anapendwa! Siku moja tu, na watu wanamuuliza ameamkaje, anakula nini, kuni anazo? Lorna kaahidi kumtazama meno bure. Mimi niko ubaoni mwaka mzima na hakuna aliyewahi kuniuliza hata kama nina meno. Imeniuma, sifichi.

Bibi Agathe kaunga mkono madoa ya jua. Wamemjibu kwa heshima zote: "Mama, usimsikilize Leland, atakupoteza."

Ijumaa, 6 Februari

Balaa! Lorna kaandika: "Nimekaribia. Mchungaji, kesho ingia ubaoni, nina swali moja tu. Ukinijibu, nimemaliza."

Nimezunguka sebule kama kuku anayetafuta pa kutagia. Halafu, paa! Laini ni moja! Asiyeingia hawezi kuuliza. Asiyeulizwa hajibu. Kesho, mchana kutwa, laini ile nitaikalia mimi.

Ila nusu saa haitoshi. Nimesajili wengine: dada zake Bibi Agathe, wajomba, binamu, na Sajenti Bruno, mstaafu mwenye hasira. Walter kapiga kwa kila mmoja. Jioni nzima nimebadilisha sauti, koo limekauka. Ghorofa yetu isiyokuwepo sasa ina wapangaji kumi na mmoja. Marlys kauliza kama na yeye anaweza kuhamia huko.

Jumamosi, 7 Februari

USHINDI!

Tangu asubuhi niko ndani. Muda wa mmoja ukiisha, nakata, napiga tena mbio kabla mtu hajapenya, naingia kwa jina jingine. Hakupenya hata sisimizi. Simu ya jikoni nimeificha kwenye kapu la nguo chafu, maana mtu akiinua tu kipokezi chake, laini inakatika, mimi nimekwisha. Marlys alitaka kumpigia mama yake. Nikamwambia mama yake ni mzima, nahisi moyoni.

Ubaoni palikuwa kimya, nikaandika mwenyewe. Bibi Agathe kanisifu. Sajenti Bruno kamwambia Bibi Agathe afunge mdomo. Nikapandwa na hasira kwelikweli, nikamjibu Sajenti vikali, naye hakuomba radhi. Mwishowe wote kumi na wawili tumekubaliana: madoa ya jua.

Lorna hajauliza kitu. Maskini. Karibu nimwonee huruma.

Jumapili, 8 Februari

Baada ya ibada, kelele ukumbini. Watu wanampigia Lorna makofi! Na kwa watu wa huku, makofi kanisani ni sawa na ghasia.

Walter kanisimulia mwenyewe, mkono begani mwangu. Jana Lorna kapiga, laini inatumika. Kapiga, kapiga, kachoka. Kavaa mabuti, kaja kanisani kumuuliza Mchungaji kwa mdomo. Wengine nao laini imewashinda, wakasikia Lorna yuko kanisani, wakaona heri wamfuate. Walter naye akaja. Ukumbi ukajaa. Mchungaji akaona aibu wageni wakae mikono mitupu, akachomeka birika kubwa la umeme, lile la kahawa ya misiba. Pu! Kompyuta ikazimika mbele ya macho ya wote. Kumbe vinakula umeme wa waya mmoja! Kila siku ya kahawa, mahubiri yanakwenda na maji.

Lorna kaja kunimiminia kikombe, anacheka hadi machozi. "Kaka Leland, ningepata laini jana nisingejua kitu. Nilikuwa nimeng'ang'ania kengele ya kanisa, ndiyo niliyotaka kuulizia! Birika nani angelikumbuka?"

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," kasema Marlys, na ukumbi mzima umesikia. Nilitaka kulia. Nimekunywa kahawa badala yake. Ilikuwa tamu, na hilo limenichoma zaidi.

Jumatatu, 9 Februari

Mungu hamtupi mja wake!

Jina la Lorna liko juu kabisa, sawa, nimelitazama na sikufa. Lakini Walter katangaza kwamba kwa msongamano wa Jumamosi, ubao una watu wengi kuliko alivyodhani. Analeta laini ya pili! Na laini ya pili inataka msaidizi wa pili! Fumbo jipya: mashine ya kuchapia ya maktaba hutema karatasi tupu. Lorna kaongeza kwamba wapangaji wangu wa ghorofani wanakaribishwa kahawa, waje wote kumi na mmoja kwa pamoja. Wema ulioje! Hawajashuku chochote.

Nimekaa nikajihoji kwa ukweli, kiume. Nilikosea wapi? Jibu limekuja waziwazi: niliziba simu, nikasahau kwamba watu wana miguu.

Nimempigia mkuu wa maktaba, nimejitolea kuzoa theluji ya ua wa maktaba kuanzia kesho. Kashukuru sana. Yote nitaisukumia mlangoni.